Mashujaa Watano Waliokuja na Sabuni

Binti yangu alinitumia faili kwa simu siku ya Jumatatu, nami nililifungua Ijumaa. Kila siku hapo katikati nilikuwa na sababu. Jumanne mgongo uliniuma. Jumatano umeme ulikatika, ingawa simu ilikuwa na chaji ya kutosha. Alhamisi nilijiambia kwamba mtu wa umri wangu, mwenye shahada mbili na miwani mbili, moja ya karibu na moja ya mbali, haipendezi akutwe anasoma vitabu vya katuni.

Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Baba, si ndicho hiki?"

Ndicho. Nilikitambua kwa ukurasa wa tatu, maana jalada lake sikuwahi kuliona. Kama umewahi kukaa nami meza moja kwenye harusi, basi umekwisha kusikia habari za kitabu hiki, na naomba radhi. Huwa naisimulia kama kichekesho na huwa naikatiza pale watu wanapocheka. Leo nitaimaliza, kwa sababu kuikatiza nako kunachosha.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Matai, na wakati huo kilikuwa na umri wa miezi miwili. Hakuna aliyekuwa mwenyeji. Wote tulikuwa tumehamishwa na serikali kutoka kwenye miji yetu ya zamani iliyotawanyika huko mabondeni, tukaletwa mahali pamoja, tukapangwa kwa mistari kama madawati. Nyasi za mapaa zilikuwa bado zinanukia ubichi. Upepo wa Ufipa, ambao kule kwetu ulikuwa unavunjwa na miti, hapa ulipita mlango hadi mlango kama mtu anayehesabu kaya. Mimi nilikuwa naishi na bibi. Wazazi wangu walikuwa Sumbawanga mjini, baba akiwa utingo kwenye lori la mfanyabiashara mmoja, na tulimwona Krismasi, na siku nyingine yoyote ambayo sukari ilipatikana.

Nyumba ile mpya bibi aliivumilia, foleni ya maji pia. Kilichomkosesha raha ni ntumba zake.

Kwa asiyejua: Mfipa wa zamani alilima kwa kugeuza nyasi pamoja na udongo mpaka vikawa vilima vya duara, vimepangwa bonde zima kama mikate juu ya ungo. Hizo ndizo ntumba. Juu yake hupandwa maharage, na ndani nyasi zinaoza polepole. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, ntumba hutawanywa, na kwenye udongo huo mweusi ndipo ulezi hupandwa. Kazi ya mwaka mmoja huliwa mwaka wa pili. Sisi tulihamishwa wakati wa kiangazi, katikati ya miaka hiyo miwili. Bibi aliacha nyuma shamba zima la ntumba zilizoiva. Ilikuwa kama kumwinua mtu kwenye mkeka chakula kikiwa kimekwisha kupakuliwa.

"Mvua ikinyesha zitaota majani," alikuwa akisema, akichambua maharage, hamtazami mtu. "Mwaka mmoja tu, na hutajua kama palilimwa."

Kurudi kulikatazwa. Mapaa ya kule yalikuwa yameshaondolewa ili tusishawishike.

Sasa, kitabu. Tulikuwa na jirani aliyekuwa na baiskeli na uhusiano wa siri na mpaka. Alipita njia za porini upande wa Kasesya, akaingia Zambia, akarudi na sabuni ya mche. Miaka ile sabuni ilikuwa habari zaidi kuliko bidhaa; ikifika nyumba moja, mstari mzima ulijua kwa harufu. Kipande cha bibi kilikuja kimefungwa kwa karatasi za rangi. Nilipozinyoosha nikakuta ni kitabu cha picha cha Kiingereza, hakina mwanzo wala mwisho, kina watu watano waliovaa sare.

Sijapata kuona tena watu wa ajabu namna ile. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mwenye moshi badala ya nywele. Wa pili alikuwa mzee mwenye saa kubwa kifuani, kama ya kanisani. Wa tatu alikuwa na viganja vipana kama koleo. Wa nne alirusha radi kwa vidole, na huyu hakumshtua mtu yeyote, maana Ufipa ndiko husemwa watu hutumiana radi; jirani alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu amepitia kwetu kabla hajaenda Ulaya." Wa tano hatukukubaliana ni kitu gani. Mimi nilisema ndege. Jirani alisema cherehani.

Nilikuwa darasa la tano. Kiingereza changu kilitosha kutambulisha kiti, meza na dirisha. Lakini bibi alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, alikuwa bado kwenye silabi, akisomeshwa kitabu cha kilimo cha pamba, zao ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona. Kwake yeye, mjukuu anayeshika kitabu cha Kizungu bila kutetemeka alikuwa amemaliza masomo yote.

"Haya mume wangu," aliniambia Jumapili ya kwanza baada ya misa, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Tusomee."

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikakohoa kidogo, kama padri.

Zilikuwa Jumapili nane. Bibi na ungo wake, jirani na kiko chake, akina mama wawili watatu waliokuja kwa kisingizio cha kuomba moto wakakaa mpaka maharage ya bibi yamekwisha kuchambuliwa. Mimi katikati, nikisoma kurasa ambazo sikuzisoma. Picha ndizo zilizoniongoza, na wasikilizaji wakaniongoza zaidi.

"Hao ni kabila gani?" jirani aliuliza.

"Mchanganyiko."

"Na wanakaa nyumba moja?"

"Moja."

"Wote na lile cherehani? Masikini."

Katika kila kurasa mbili, wale watano walisimama mbele ya kisanduku ukutani, wakasikiliza sauti, kisha wakatoka mbio.

"Na huyo wa kwenye sanduku?"

"Mwenyekiti wao," nilisema, na akina mama wakacheka mpaka mmoja akamwaga maharage.

Halafu tukafika kwenye picha iliyojaza kurasa mbili. Ardhi tupu chini ya anga la zambarau, na juu yake vilima vya duara, safu kwa safu, mpaka mwisho wa karatasi. Bibi aliweka ungo chini. Alikivuta kitabu mpaka karibu na pua yake.

"Ntumba," alisema.

Nami nikasema ndiyo. Unaona jinsi ilivyo rahisi? Nikasema ni za kwao hao watano, walizilima wenyewe, kisha wakahamishwa kabla ya kuzitawanya. Hakuna aliyecheka tena. Toka siku ile, nilichokisoma hakikuwa kitabu cha mtu mwingine.

Ukurasa wa mwisho tuliokuwa nao ulimwonyesha mwanamke wa moshi juu ya kilima, ametupa mgongo, mkono umenyooka kuelekea mbali, na juu ya kichwa chake kiputo cha maneno. Kilichofuata kilikuwa kimebaki Zambia na mche mwingine wa sabuni. Ilikuwa Novemba, na mawingu yalikuwa yanashuka kila alasiri bila kunyesha.

"Anasema nini?" bibi aliuliza.

Sikuyatazama hata hayo maneno. Nilimtazama yeye.

"Anawaambia, twendeni nyumbani."

"Wakaenda?"

"Wakaenda."

"Hawakukamatwa?"

"Hawakukamatwa, bibi."

"Na ntumba?"

"Walizikuta."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua ungo, akaendelea na maharage. Jumanne asubuhi nilipoamka hayupo, jembe halipo, na kifuko cha mbegu ya ulezi kilichokuwa kinaning'inia juu ya moto hakipo.

Walinitoa darasani nikawaongoze mgambo wawili. Mkubwa wao alikuwa mtu wa ukoo wetu. Bibi ndiye aliyemzalisha mama yake. Njia nzima alikuwa anapiga majani kwa fimbo. Tulipofika, nyumba yetu ya zamani ilikuwa kuta nne zinazotazama juu. Bibi alikuwa bondeni, kanga kiunoni, udongo mweusi umefunguka nyuma yake kama mkeka. Sikuwa nimemwona na furaha namna ile tangu tuhame.

"Shikamoo mama," mgambo alisema.

"Marahaba. Mmekuja na majembe?"

"Tumekuja na amri."

"Basi iwekeni hapo kivulini, mnisaidie mstari huu."

"Mama, usinitie matatani."

"Nani kakutia matatani? Niko shambani kwangu."

Yule mdogo alicheka, akatazamwa, akaacha. Mkubwa alikaa kwenye kichuguu, akawasha sigara, akavuta polepole sana, nayo ilipokwisha akawasha nyingine. Bibi alimaliza mstari, akamwaga mbegu, akafukia. Ndipo tukarudi, mgambo amebeba jembe lake, na mvua ya kwanza ya mwaka ikatukuta njiani.

Kikao kilifanyika kesho yake kwenye ofisi ya kijiji. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa amehamishwa, naye aliacha ntumba zake. Lakini alikuwa na watu waliomwuliza yeye, kama alivyotuuliza sisi.

"Nani alikwambia unaweza kurudi?"

Bibi alijibu kwa sauti ya mtu aliyehitimu. "Nimesoma kitabuni. Watu wa kule nao walihamishwa, wakarudi kwao, na hawakukamatwa."

Mwenyekiti aliagiza kitabu kiletwe, nami nikakileta. Alikigeuza, akakinusa. Sabuni. Jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni, alianza kutazama vidole vyake vya miguu kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, lakini nilielewa, kama walivyoelewa wote mle ndani. Bibi kizee aliyetoroka na jembe ni mambo ya kijiji. Kitabu cha kigeni kilichovushwa mpaka kwa siri, kinachowaambia watu waondoke vijijini, ni mambo ya Sumbawanga, na huko bibi asingeulizwa habari za ntumba. Angewekwa ndani, na jirani pamoja naye.

Mwalimu aliitwa. Alifika na chaki mikononi, akaonyeshwa kiputo cha ukurasa wa mwisho.

"Ndugu Mwalimu, soma hapa. Neno kwa neno."

Mwalimu alikishika kitabu. Alikohoa kidogo, kama padri.

"Anasema, tusiondoke. Tukae hapa tulipo, tujenge kwa pamoja."

Mwenyekiti aliinama kutazama. "Mbona hapo maneno ni machache kuliko hayo?"

"Kiingereza ni lugha fupi, ndugu Mwenyekiti."

"Kwa hiyo mtoto huyu ametunga?"

"Mtoto huyu hajui Kiingereza. Mimi ndiye ninayemfundisha, ninajua."

Watu walicheka sana, kicheko cha watu walioachiwa pumzi. Kitabu kikawa kitabu kizuri. Bibi akawa kikongwe aliyedanganywa na mjukuu. Akapewa siku tatu za ziada kwenye shamba la kijiji. Jirani akarudi kwenye baiskeli yake. Mimi nilipata viboko sita, na mwalimu alivichapa mwenyewe, na wala hakuwa anaigiza. Kitabu kilibaki mezani kwa mwenyekiti, ambako kiliisha ukurasa kwa ukurasa kwa kusokotea tumbaku.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nalia, na si kwa ajili ya viboko. Nilimwambia bibi anisamehe, nilidanganya, sikuwahi kusoma hata neno moja.

Alitembea kidogo, kisha akasema, "Mwalimu wako naye hakusoma."

"Amesoma, bibi. Nimemwona."

"Alikuwa anamtazama Mwenyekiti. Mtu anayesoma hutazama kitabu. Sisi kule kisomoni tukiinua macho mara moja tu, tumepotea." Akanishika mkono. "Yule hakutazama."

Nilidhani ananibembeleza. Nilijua mimi ni mwongo. Kwa hiyo, kwa hesabu za shuleni, mwalimu alikuwa mkweli. Bibi hakurudi tena kwenye lile bonde. Mwezi wa sita yule mgambo mkubwa alipita mlangoni kwetu, akaweka chini kikapu cha ulezi ambacho hakikujaa, akasema ameokota njiani. Bibi akamwambia njia hiyo ina rutuba. Tulikula ugali wake kwa dagaa wa Kasanga siku kadhaa, mweusi, mzito, wenye chembechembe za mchanga. Sikuombwa tena kusoma, wala sikuthubutu kujitolea.

Nilikuja kusomea Kiingereza chuo kikuu, nadhani kwa aibu. Kwa miaka mingi nimejipatia riziki kwa kutafsiri ripoti za watu wengine, nyingi zikihusu vyoo na minyoo, na nimekuwa mwaminifu kwa kila nukta, kiasi cha kuchosha wateja. Mwalimu alifariki nikiwa mwaka wa pili. Sikwenda kumzika. Nilikuwa na mtihani, na nilifurahi kuwa nao.

Basi Ijumaa nikavaa miwani ya karibu. Kitabu ni kibaya, rafiki yangu. Michoro imefanywa kwa haraka, rangi zimetoka nje ya mistari. Ntumba si ntumba, ni mayai ya mnyama fulani wa mwezini. Kisanduku ukutani ni mtambo wa kutabiri hali ya hewa. Hakuna aliyehamishwa. Wa tano, naona aibu kukiri, anafanana zaidi na cherehani.

Halafu nikafika kwenye kilima, mwanamke wa moshi, mkono umenyooka. Ndani ya kiputo mna maneno manne tu, na la mwisho maana yake ni "nyumbani", neno tulilokuwa tumefundishwa darasani kabla ya dirisha. Anawaambia wanarudi nyumbani. Ningelitazama mara moja tu, hata kwa Kiingereza changu cha viti na meza, ningeliona. Nilidanganya ukweli mtupu, na mtu pekee pale ofisini aliyeujua aliutazama kwa muda wa kukunjua ukurasa, akaona akilini bibi yangu akipakiwa kwenye gari, akainua macho.

Kurasa tatu za mwisho, ambazo hatukuwa nazo, zinaonyesha wakifika. Nyumba ipo. Wanabishana nani ana ufunguo. Imeandikwa kwamba hadithi itaendelea, lakini binti yangu amechunguza, toleo lililofuata halikuchapishwa.

Mara ya mwisho nilipopita Ufipa nilipanda gari kwenye lami mpaka karibu kabisa na bonde letu. Ni shamba la mahindi sasa, limelimwa kwa ng'ombe, mistari imenyooka, mali ya mtu aliyezaliwa baada ya hayo yote, aliyenipa mahindi ya kuchoma na kuniuliza kama nimekuja kununua ardhi. Nilimwuliza habari za ntumba. Alisema mama yake alikuwa akizilima, zinachosha, siku hizi kuna mbolea ya dukani. Hakukosea; zilikuwa zinachosha. Mwenyekiti hayupo, jirani hayupo, mgambo hayupo. Bibi amezikwa kule kijijini, katika mstari, kati ya watu aliokutanishwa nao kwa amri na ambao mwishowe walimlilia kama ndugu. Niliwatafuta kwa jina wale akina mama wa maharage. Hakuna hata mmoja. Kwa hiyo hakuna tena wa kwenda kumwambia kwamba katika kikao kile chenye msomi mmoja, msomaji pekee alikuwa kikongwe wa silabi, na alichokisoma kilikuwa macho ya mwalimu.

Jioni binti yangu aliniandikia tena. "Umesoma? Kizuri?"

"Kibaya sana," nilimjibu. "Lakini wanarudi."